Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na makumbusho: tuacheni tuwajue viongozi wetu wakiwa watu

Waheshimiwa wakubwa wote mnaoshika elimu, makumbusho, nyaraka za taifa na kanda za redio ya taifa, shikamooni. Sijui barua hii itamfikia nani maana kila ukiuliza hili jambo ni la nani unaambiwa la wale wengine, kwa hiyo nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, mtajuana wenyewe huko ndani.

Ishu yangu ni hii. Msimamisheni kijana yeyote hapa Dar mumuulize Karume ni nani, atawaambia ni pale Ilala wanapouza mitumba. Kawawa? Barabara, mwendokasi ya Morocco inapita huko. Bibi Titi ni kule Mnazi Mmoja, Sokoine ni ile ya baharini ukielekea feri, na Ali Hassan Mwinyi ni foleni ya jioni. Wala simlaumu huyo kijana, majina tumeyabandika kwenye lami alafu watu wenyewe tukawafungia kabatini.

Nina mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi kati nilishika daftari lake nikasoma alivyoandikishwa kuhusu Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alikuwa kiongozi shupavu. Alikuwa mzalendo. Alifariki mwaka 1999. Nikamuuliza mjomba, huyu mzee alikuwa anapenda nini? Akafikiria weee, akanijibu, "Alipenda amani." Mama yake akacheka mpaka akakaa chini, mi sikucheka sana kwa sababu mtoto hakukosea, ndo hicho alichopewa.

Sasa wakubwa, huyo shupavu wa kwenye daftari alianza shule ana miaka 12. Kumi na mbili! Kabla ya hapo alikuwa anachunga mbuzi kama mtoto mwingine yeyote wa Kizanaki, mama yake Mgaya ni mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu Burito, hebu vuta picha hiyo boma na watoto waliokuwemo, nani angejua ni yupi atakuja kuwa nani. Jina la Kambarage lenyewe ni la mzimu wa mvua, alizaliwa siku mvua inanyesha. Baba yake alishamposea mke angali mdogo, mahari ikatolewa, na ndoa yenyewe haikufika popote. Na angalieni picha zake zile anazocheka, meno ya mbele yamechongwa kwa desturi ya kwao. Picha hiyo imetundikwa ukutani kwenye ofisi za nchi nzima na watu wanapita chini yake miaka yote, ila niambieni ni mwalimu gani amewahi kusimama darasani akawaonesha watoto hayo meno na kuwasimulia. Mtoto wa Serengeti ndani huko anayechekwa na wenzake kwa alama za kwao usoni angetembea kifua mbele siku hiyo.

Alafu kuna hili la mahakamani, hapa ndo huwa watu wananibishia. Mwaka 1958 Mwalimu alishtakiwa kwa kashfa, aliandika kwenye Sauti ya TANU, jarida la chama chake, maneno makali kuhusu mabwana shauri wa Kiingereza. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, yule yule Mwingereza aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria. Na hakushinda jamani. Akatiwa hatiani, faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Wapo waliotaka aende jela kwa sababu jela kipindi kile ilikuwa inampandisha mtu chati kisiasa, wenzie wa Ghana na Kenya walikuwa wameshaingia huko, yeye akalipa faini akaenda zake kwenye kazi. Mi naona hapo kuna somo zima la kipindi kizima darasani, watoto wagawane pande mbili wabishane, angelipa au angeenda? Lakini kwenye daftari hakuna, kuna shupavu.

Haya, njooni kwa Kawawa. Simba wa Vita, sawa, hilo tunalijua. Ila mnajua kwamba huyu mzee alikuwa staa wa sinema? Sio utani. Miaka ya mwanzo ya 50 alikuwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, akifanya kazi na kitengo cha sinema kilichokuwa kikizunguka na gari na mashine ya kuoneshea picha, na filamu zilipoanza kutengenezwa hapa hapa kwa Kiswahili yeye ndo akawa mhusika mkuu, Muhogo Mchungu ni mojawapo. Yaani kuna watu walimjua Rashidi Kawawa usoni kutoka kwenye kitambaa cheupe kabla hawajawahi kumsikia jukwaani. Baadaye 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962, Mwalimu alipoachia uwaziri mkuu wiki sita tu baada ya uhuru ili akakijenge chama vijijini, aliyekalia kile kiti ni huyu huyu muigizaji, miaka 35.

Leo muigizaji wa bongo muvi akichukua fomu ya ubunge anatukanwa wiki nzima, eti nchi imegeuzwa jukwaa la komedi. Na anayemtukana huenda yuko ndani ya mwendokasi anapita Mkwajuni, barabara ya Kawawa. Mngekuwa mmeweka hata runinga moja pale makumbusho inaonesha kipande cha dakika tano cha Kawawa akiigiza, hayo matusi yangepungua au angalau yangekuwa na akili kidogo.

Mzee Karume naye. Watoto wanajua kwamba tarehe 7 Aprili hakuna shule. Wachache wanajua ujana wake ulikuwa melini, baharia, alizunguka bandari za watu huko duniani, na aliporudi Unguja akawa kwenye biashara ya mashua za kubeba abiria kutoka kwenye meli hadi gatini. Mtu wa bandari kabisa, wa mpira na baraza. Na jioni ile ya 1972 pale Kisiwandui alikuwa ameketi anacheza bao na wenzake, hapo ndipo risasi zilipomkuta. Bao lenyewe na Mwalimu alikuwa analipenda kufa. Marais wawili walioziunganisha nchi mbili, wote wagonjwa wa bao, na mwanafunzi anatakiwa akariri tarehe ya Muungano tu, 26 Aprili 1964, basi. Mi ningewauliza kwenye mtihani: kete ngapi kwenye bao la kete? Anayejua 64 apewe maksi ya bure kwa heshima ya wazee.

Kuna stori moja nataka nikae nayo kidogo, mnivumilie, hii ndo iliyonifanya niandike.

Mnamkumbuka Mzee Mwinyi kwa rukhsa, kwa mitumba kuruhusiwa, kwa televisheni, sabuni na sukari kurudi madukani. Sawa. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya wazee kwa mambo ya uchawi, ikafanyika operesheni ya kukamata washukiwa, hiyo ni 1976, na wale waliokamatwa wakateswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Mwinyi hakuwa Shinyanga. Hakuna aliyesema yeye ndo kamshika mtu kamtesa. Ila wizara ni ya kwake. Januari 1977 akajiuzulu.

Hebu tulieni hapo. Mtu ana miaka 51, ana familia, waziri, na siku hizo waziri akiondoka hana kampuni pembeni wala ghorofa Mbezi, anaandika barua kwa kosa lililofanywa na watu wa chini yake, mikoa ya mbali huko, na anaondoka. Jioni ile alirudi nyumbani akamwambia nini mkewe Mama Siti? Dereva wake alikuwa nani, walizungumza nini njiani, au walinyamaza? Watoto waliulizwa nini shuleni kesho yake? Hayo ndo mambo mtoto wa darasa la sita angeyaelewa bila kukaririshwa. Sasa hivi mmeleta somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, jina zuri sana, mi nimelishangilia, basi kama kuna ukurasa mmoja tu wa maadili kwenye historia ya nchi hii ni huo hapo. Usiandikwe "alijiuzulu mwaka 1977" ukaishia nukta. Usimuliwe.

Na utamu wa stori uko mbele. Akapelekwa Misri kuwa balozi, wengi tungesema basi huyo kashaisha, kapozwa. Mwaka 1984 Zanzibar hali ya hewa ya kisiasa ikachafuka, wakubwa mnakumbuka msemo wenyewe, Rais wa huko, Aboud Jumbe, akajiuzulu, wakatafuta mtu safi wa kukaa pale, wakamtazama yule aliyewahi kuondoka kwa hiari yake. Akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata Rais wa Muungano. Mi siamini kwamba barua ya 1977 haikuhusika na 1985. Mtu akishaonesha kwamba kiti hakijamganda unapata moyo wa kumpa kiti.

Alafu uzeeni. Tarehe 10 Machi 2009, ukumbi wa Diamond Jubilee, Baraza la Maulid, mzee ana miaka 83 anaongelea ukimwi na namna ya kujikinga, kijana mmoja akapanda akamzaba kibao mbele ya nchi nzima. Rais mstaafu! Vidio ipo, tuliiona wote. Ukumbi ukachafuka, kijana akakamatwa, na baada ya watu kutulia mzee akaendelea na hotuba yake. Mi kile kitendo cha kuendelea na hotuba huwa nakifikiria kuliko kibao chenyewe. Mkono bado unauma shavuni, waumini wanakutazama, walinzi wanatetemeka maana kazi yao iko hatarini, na wewe unatafuta pale ulipoishia kwenye maneno. Huyu ndiye aliyependa kutukumbusha kwamba binadamu ukishakufa unabaki hadithi, basi jitahidi uwe hadithi nzuri kwa watakaosimuliwa. Alifariki 29 Februari 2024 na alituachia hadithi nzuri, shukrani kwake aliandika mwenyewe kitabu cha maisha yake akiwa hai. Mkapa naye aliandika, kilitoka 2019, na humo hakukwepa kuyataja mauaji ya Pemba ya Januari 2001 kuwa ni doa kwenye uongozi wake, bado mwaka mmoja tu afariki. Mwalimu hakuandika kitabu cha maisha yake. Karume hakuwahi. Sokoine ajali ilimchukua Dakawa 12 Aprili 1984 akiwa na miaka 45, angeandika saa ngapi?

Na hapo ndo nafika kwenye jambo lenyewe, wakubwa. Ambao hawakuandika, stori zao ziko kwa watu wengine. Kwa madereva, wapishi, makatibu muhtasi, manesi, walinzi, wapiga picha, mabaharia, majirani. Na hao watu wanaisha. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1962 leo anakaribia 90. Kila wiki kuna tangazo la msiba mahali, "mzee wetu aliyewahi kutumika Ikulu", tunasoma wasifu dakika tatu, tunazika, tunakula pilau, tunaondoka, na kilichokuwa kichwani kimeenda naye.

Mnataka mfano wa kwamba inawezekana? Maasi ya jeshi. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Lugalo ya sasa, waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao wa Kizungu wakaingia mjini, wanataka mshahara upande na maofisa wawe Waafrika. Rais wa nchi na makamu wake wakatolewa Ikulu gizani wakavushwa maji mpaka Kigamboni, wakajificha huko. Oscar Kambona ndo akabaki mjini anaongea na askari wenye bunduki, kazi ambayo mi nisingeiweza hata kwa mshahara wa aina gani. Siku kadhaa baadaye Mwalimu ikabidi awaombe Waingereza walete wanajeshi wawanyang'anye silaha askari wetu, nchi ina uhuru wa miaka miwili tu, na mwenyewe hakuficha kwamba ilikuwa aibu kubwa. Tunajua mengi ya usiku ule kwa sababu mlinzi wake mkuu, Peter Bwimbo, alikaa chini uzeeni akaeleza. Mtu mmoja aliamua kusema na usiku mzima umeokoka. Sasa fikirieni wale ambao hakuna aliyewafuata na rekoda. Wale wenyeji wa Kigamboni walioamka wakamkuta Rais kijijini kwao walisema nini, walimpa chai? Mi nimevuka pale na pantoni sijui mara ngapi, sijawahi kuona hata kibao kimoja kinachosema hapa alipita Rais akiwa anakimbia jeshi lake mwenyewe.

Najua kuna mkubwa hapo anasoma anajisemea, kijana huyu anataka tuwavunjie wazee heshima. Kwamba Rais aliyekimbia, Rais aliyezabwa kibao, hukumu ya mahakama, hayo ni ya kufunika. Mzee wangu, kwa heshima zote, ukifunika wewe wanafunua wengine na wanafunua vibaya. Fungua simu yako uone maneno ambayo Mwalimu hakuwahi kuyasema yanavyozungushwa na picha yake, kila mwenye hoja yake anambandika Nyerere pale chini, mara kasema hivi kuhusu dini fulani, mara katabiri hivi kuhusu uchaguzi. Watu wanakula uongo kwa sababu ukweli mmeupika bila chumvi. Na mtoto aliyelelewa na Nyerere wa plasta siku akisikia kwamba alikosea mahali, mathalani vijiji vya 1974 vilivyohamisha watu kwa nguvu, anamtupa mzima mzima. Angekuwa amemjua akiwa mtu, angejua na pa kumlaumu na pa kumheshimu.

Mbona mwenyewe hakuogopa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yale, na kwenye malalamiko yao wakagusia kwamba viongozi wanalipwa minono. Mwalimu akapandisha hasira kweli kweli, akawafukuza mamia yao warudi makwao, alafu hapo hapo kwenye hotuba ile ile akasema kuhusu mishahara wana haki, akakata wa kwake asilimia 20. Yaani kawatimua na kuwakubalia kwa pumzi moja. Wengi wao walikuja kurudishwa baadaye. Huyo ni mtu mwenye damu, anachemka, anasikia, mi nampenda huyo kuliko shupavu.

Bibi Titi sasa. Hapa nina kinyongo kidogo kwa niaba yake. Kabla ya TANU alikuwa mwimbaji wa ngoma, kundi la Bomba, sauti yake ilikuwa inajulikana mjini Dar kabla ya siasa yoyote. Kisomo chake kilikuwa kidogo. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955 ndo akaombwa aongoze, na wale waliokuja kwa wingi walikuja kwa njia za ngoma, kina mama wa vikundi, wauza vitumbua, wenye nyumba za kupangisha, walikuwa wanamjua. Wasomi wa chama wangekaa miaka kumi wasingepata hao watu. Alafu 1967 likaja Azimio la Arusha, kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha, na yeye nyumba ndo pensheni yake, ndo shamba lake la mjini, akasema hapana na kuachia nafasi yake. Miaka michache mbele akawa kizimbani kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Kwa miaka mingi hapo kati jina lake lilikuwa halisemwi kwa sauti. Alifariki Novemba 2000. Leo tunasema Bibi Titi tukiwa na maana ya mataa.

Mnajua ni nini kinachonisumbua, ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Mwalimu alikuwa na hoja kwamba kiongozi baba mwenye nyumba hatawaonea huruma wapangaji. Bibi alikuwa na hoja kwamba mwanamke asiye na mume wala digrii akiondolewa nyumba atakula nini uzeeni. Mkiwapa watoto wa sekondari huo ugomvi kama ulivyokuwa, wakaigiza, mmoja awe Mwalimu na mmoja awe Bibi, hamtahitaji kuwalazimisha kusoma Azimio. Mpaka leo ugomvi huo uko kwenye kila familia ya Magomeni yenye nyumba ya urithi, nawaambia.

Wenzetu Wakenya angalau wanasimulia kidogo, ingawa na wao stori nyingi zinabaki baa. Jomo Kenyatta alikuwa msoma mita za maji wa manispaa ya Nairobi miaka ya 20, anapita nyumba hadi nyumba na daftari. Akiwa Uingereza miaka ya 30 njaa ikampeleka kuigiza sinema, sehemu ndogo tu, na vita ya pili ilipomkwamisha kule akawa kibarua wa shambani Sussex, akamuoa Mwingereza mwaka 1942 wakazaa mtoto. Kibarua kwenye shamba la mzungu miaka 20 kabla ya kuwa Rais. Mkenya akikusimulia hiyo anacheka na anajivunia, wala Jomo hapungui kitu.

Na msifikiri lazima iwe ofisi kubwa ndo itunze mambo. Mandela alipopita Dar mwaka 1962 akiwa katika safari zake za siri za kutafuta msaada aliacha buti zake kwenye nyumba ya waziri Nsilo Swai. Familia ile ilizitunza, miaka thelathini na ushee, mtu yuko jela Robben Island huko na viatu viko kabatini kwao vinafutwa vumbi, mpaka miaka ya 90 wakamrudishia akiwa Rais. Hakuna bajeti iliyopitishwa bungeni, ni mama wa nyumba tu aliyekataa kutupa. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi, Upanga, Tabora, Moshi, Unguja, Songea, kuna barua kwenye masanduku ya bati, kuna picha ambazo mchwa wameshaanza.

Sasa ninachoomba. Sitawapa orodha ndefu mkaunda kamati, kamati ikaenda Dubai kujifunza. Wafuateni wazee. Anzeni na waliofanya kazi Ikulu zote mbili kabla ya 1985, ya Dar na ya Unguja, wale wa kada za chini kwanza kwa sababu wakubwa wana wajukuu wenye simu nzuri, mpishi hana. Wanafunzi wa historia na uandishi wa habari wako likizo kila mwaka hawana pa kufanyia mafunzo, wapeni simu na barua ya utambulisho, wakawarekodi kwa Kiswahili, na kama mzee anasema vizuri zaidi kwa Kikurya au Kimakonde basi aseme hivyo hivyo. Mzee akikosea tarehe msimkatize, tarehe mnazo kwenye mafaili.

Zile kanda za zamani za redio nazo, Mwalimu akicheka, akikohoa, akimkaripia mtu katikati ya hotuba, zitoeni zisikike bure, sio zile sekunde thelathini zile zile za kila Oktoba 14. Kule Butiama na hapa kwenye nyumba yake ya Magomeni wekeni mtu wa kusimulia anayejua kusimulia, sio wa kusoma bango. Nyumba ya Magomeni wageni wanafika wanashangaa jinsi ilivyo ndogo, ni nyumba ya mtu aliyeacha mshahara wa ualimu pale Pugu mwaka 1955, akarudi kwao kwa muda akawa anamfundisha padre wa Maryknoll Kizanaki. Hilo mtalisema lini kama hamlisemi mtu akiwa amesimama sebuleni?

Na vibao vya barabara. Chini ya jina ongezeni sentensi moja tu. Rashidi Kawawa, muigizaji wa sinema, Waziri Mkuu wa pili wa Tanganyika. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa Bomba, mama wa TANU, mfungwa. Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu 1977. Kwenye foleni ile ya jioni watu watakuwa na kitu cha kusoma na cha kubishania, na mheshimiwa yeyote akipita pale kwenye gari lake lenye vioo vyeusi naye atasoma, hasa hiyo ya mwisho.

Mkikwama gari la kuwafuatia wazee wa Dar, mimi na wenzangu wa mtaani tuna bajaji mbili na simu zenye kamera nzuri, tuko tayari kuanza Jumamosi yoyote, barua ya utambulisho tu ndo hatuna. Na kuna bibi mmoja hapa mtaa wa tatu alikuwa anafua nguo za wakubwa miaka ya 60, ana kumbukumbu kali kuliko mimi na ulimi mkali zaidi, anasema hajawahi kuulizwa na mtu. Anapatikana asubuhi, mchana analala.

Wenu mtiifu,
mkazi wa Magomeni, mlipa kodi